Majungu Hayaondoki kwa Bonanza: Mwongozo Kamili wa Kujenga Mahali pa Kazi Panapokalika

Simu ninazopigiwa na mabosi wa hapa Dodoma wakitaka ushauri huwa zinafanana. Mwenye nyumba ya wageni kule Kisasa, mkuu wa shule ya binafsi Nzuguni, msimamizi wa ghala la pembejeo karibu na soko la Majengo: wote huanza kwa kunieleza walichokwisha kufanya. Wamewapeleka wafanyakazi kwenye bonanza. Wamechapisha fulana. Wamebandika ukutani karatasi iliyotiwa plastiki yenye maneno UADILIFU, UMOJA, UBUNIFU. Miezi miwili baadaye majungu yako pale pale, watu wanachelewa vile vile, na yule mhudumu mzuri kuliko wote ameshaaga.

Kinachowaangusha ni kuanzia mwisho. Bonanza ni sherehe ya kitu ambacho kipo tayari, haliwezi kukizaa. Ukiuvua maneno makubwa, utamaduni wa kazi ni jibu la swali analojiuliza mfanyakazi kila siku bila kulitamka: nikisema ukweli hapa, itakuwaje kwangu? Hatua zote hapa chini zimekusudiwa kulibadilisha jibu hilo.

Nimeziandika kwa ofisi yenye watu kati ya watano na arobaini. Kama wako ni mia tatu, zitumie kitengo kimoja kimoja. Muda wake ni siku 90. Anayekuahidi mabadiliko ndani ya semina ya siku mbili anakuuzia chakula cha mchana.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari moja lenye jalada gumu, la kwako peke yako. Kwenye ukurasa wa kwanza, siku ya kwanza, andika yale mambo manne yaliyotajwa Hatua ya 9. Usitumie kompyuta ya ofisi ambayo kila mtu anajua neno lake la siri.
- Mikataba ya wafanyakazi wote, karatasi za malipo ya mshahara za miezi sita iliyopita na kumbukumbu za likizo.
- Kalenda ya ukutani inayoonekana na wote.
- Kiasi kidogo cha fedha ambacho huhitaji kumwomba mtu ruhusa kukitumia. Kitamaliza kero moja, basi.
- Mtu mmoja wa nje anayeheshimika na asiye na ugomvi na yeyote: mhasibu mstaafu, mwalimu mkuu wa zamani, au hata mzee wa mtaa.
- Saa moja ya muda wako kila siku kwa wiki mbili za mwanzo. Kama huna saa hiyo, subiri mpaka uipate, maana kuanza na kuachia njiani ni kubaya kuliko kutoanza. Mara ya pili hakuna atakayekuamini.

## Hatua ya 1: Lipa madeni ya msingi (siku ya 1 hadi ya 10)

Pitia makaratasi kabla hujazungumza na mtu yeyote. Usimwambie mfanyakazi habari za umoja wakati hajui mshahara utaingia tarehe ngapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa orodha ya kuanzia. Angalia mambo haya:

- Kila mtu ana maelezo ya kazi yake kwa maandishi: anafanya nini, wapi, kwa saa ngapi, kwa malipo gani. Mkienda kwenye shauri na huna karatasi hiyo, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe mwajiri.
- Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya kupumzika dakika 60.
- Likizo ya mwaka ni siku 28. Ya uzazi ni siku 84, au 100 kama ni mapacha.
- Mshahara unalipwa siku mliyokubaliana, na mfanyakazi anapewa mchanganuo ulioandikwa.
- Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imefika. Usitazame kama imekatwa tu, tazama kama imefika. Wafanyakazi siku hizi wanaangalia salio lao wenyewe, na mwajiri anayekata bila kupeleka hujulikana jikoni kabla hajajulikana kwa mkaguzi.

Kama kuna deni huwezi kulilipa lote, liandike, ligawe kwa miezi, mpe kila anayekudai karatasi yenye tarehe. Kisha iheshimu tarehe hiyo hata kama itabidi uuze friji.

Walioko serikalini wanaongozwa pia na Sheria ya Utumishi wa Umma, na mkuu wa kitengo hana mamlaka juu ya mishahara. Ila anayo juu ya ratiba za likizo, zamu na nani anapewa safari yenye posho. Hayo matatu yakae wazi, yabandikwe. Nimeona ofisi zikigawanyika vipande viwili kwa sababu ya orodha ya safari isiyoonekana.

Dalili kwamba umefaulu: unaweza kumwita mfanyakazi yeyote ukamwonyesha mkataba wake, salio lake la likizo na tarehe ya mshahara ujao bila kumwambia "ngoja nitafute".

## Hatua ya 2: Sikiliza mmoja mmoja (siku ya 11 hadi ya 25)

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usiitishe mkutano wa kukusanya maoni. Kwenye mkutano atasema yule anayesema siku zote, na wengine watatazama vidole vya miguu. Usigawe dodoso lisilo na majina pia. Kwenye ofisi ya watu tisa mwandiko unajulikana.

Zungumza na mtu mmoja kwa dakika ishirini hadi thelathini. Usimwite ofisini kwako, kwa sababu kuitwa ofisini kuna maana yake na kila mtu anaijua. Mfuate alipo. Kaeni chini ya mwarobaini, kwenye benchi la mlinzi, ndani ya gari likiwa limesimama.

Anza na mlinzi, mfanya usafi na dereva. Mlinzi anajua nani anaingia saa ngapi na nani anatoka na mfuko. Dereva amesikia mazungumzo yote ya simu. Pia, ukianza na wakubwa, wadogo watakuwa wameshapangiwa la kusema.

Heshima kwanza. Mabosi wengi wa Dodoma siku hizi ni vijana wa miaka thelathini na kitu waliokuja na wimbi la serikali kuhamia hapa kuanzia mwaka 2016, na madereva wao ni wazee wenye wajukuu. Cheo hakifuti umri:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bosi."

"Mzee, leo nimekuja kujifunza. Wewe uko hapa kabla yangu. Nina maswali matatu, na utakayoniambia hayatoki na jina lako."

Maswali yenyewe ni haya, na usiyaongeze:

1. Ni kitu gani hapa kinakupotezea muda kila siku?
2. Mara ya mwisho kitu kilipoharibika, ulimwambia nani kwanza, na ikawaje?
3. Kama kesho asubuhi ofisi hii ingekuwa yako, ungeanza kubadilisha nini?

Tazama kwamba hakuna "unaifurahia kazi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "tunamshukuru Mungu", na mazungumzo yameishia hapo. Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kama jibu ni "nilimwambia mwenzangu, tukanyamaza", umeshaujua ugonjwa.

Tahadhari:

- Usijitetee. Akisema "likizo yangu ilikataliwa mara mbili", usieleze sababu. Andika. Sababu ina siku yake.
- Usirekodi kwa simu, na usiiweke simu mezani. Andika kwenye daftari baada ya kuachana, bila jina.
- Usiahidi. Malizia kwa kusema umesikia nini na utamrudia lini.
- Usifanye mazungumzo haya Ijumaa alasiri. Familia nyingi bado ziko Dar es Salaam, na tangu treni ya kisasa ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu mwenye tiketi ya jioni ya Ijumaa yuko nawe mwili tu.

Dalili kwamba umefaulu: kufikia mtu wa nne au wa tano, kuna aliyekwambia jambo lililokuuma. Wote wakisema "hatuna shida", hofu ni kubwa kuliko ulivyodhani. Mpe kazi yule mtu wa nje uliyemwandaa: azungumze nao yeye, akuletee mambo bila majina. Nawe usijaribu kubahatisha nani kasema nini, kwa sababu utabahatisha vibaya.

## Hatua ya 3: Chagua kero moja, imalize (siku ya 26 hadi ya 40)

Daftari lako sasa lina mambo ishirini. Chagua moja lenye sifa tatu: limetajwa na wengi, linamalizika ndani ya wiki mbili, na liko ndani ya uwezo wako.

Kwa hapa kwetu mara nyingi ni maji. Mgao ukipita, choo cha wafanyakazi kinakuwa hakiingiliki kuanzia saa sita mchana, huku choo cha bosi kina ndoo zake. Simtanki moja na fundi wa siku moja vinabadilisha mengi kuliko hotuba. Kwingine ni kiti kilichovunjika mapokezi, chai iliyofutwa "kwa muda" miaka mitatu iliyopita, au dirisha lisilofungika linaloingiza vumbi la mwezi wa nane kwenye mafaili.

Usichague kubwa kuliko yote. Kama kilio kikuu ni mishahara midogo na hela haipo, sema hivyo waziwazi, eleza utaliangalia lini, kisha rudi kwenye simtanki. Watu wanavumilia "sina". "Tutaliangalia" isiyo na tarehe ndiyo inayowakera.

Likishamalizika, tangaza kwa sentensi moja: "Mliniambia maji, maji yapo." Usipige picha ya kukabidhi.

Dalili kwamba umefaulu: mtu anakuja mwenyewe, bila kuitwa, kukwambia kero ya pili. Ikitokea hivyo, umepiga hatua ndefu kuliko zote zilizobaki.

## Hatua ya 4: Andikeni makubaliano ya tabia (siku ya 41 hadi ya 45)

Ondoa ile karatasi ya UADILIFU na UMOJA. Maneno hayo hayana ubaya, lakini hakuna anayeweza kuyavunja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyafuata. Mnahitaji sentensi tano au sita ambazo mtu akizivunja, hata mgeni aliyeingia leo anaona.

Linganisha. "Tunaheshimiana" haina meno. "Hatumgombezi mtu mbele ya mteja" inayo. "Tunajali familia" ni hewa. "Baada ya saa 12 jioni hakuna simu ya kazi, isipokuwa mtu ameumia au gari limekwama njiani" ni sheria, na bosi ndiye atakayeivunja kwanza.

Kaeni wote, saa moja na nusu, na kila mtu alete sentensi moja. Mifano ya zilizofanya kazi nilikopita:

- Aliyeharibu kitu anasema siku hiyo hiyo.
- Mwenye shida na mwenzake anaanza na mwenzake.
- Kikao kinaanza saa iliyoandikwa, hata kama bosi hajafika.
- Kabila, dini, mwili na ndoa ya mtu havitaniwi kazini.

Hiyo ya mwisho italeta mjadala, na ni vizuri iulete. Utani ni mali yetu na sitaki ofisi iwe makaburi. Lakini Dodoma imekuwa mji wa watu kutoka kila kona, na wenyeji, Wagogo, wamechoka kusikia ule utani wa ombaomba kila wanapoazima elfu mbili. Mtani wa kweli anarudishiwa utani na wote wanacheka. Binti wa Kigogo anayefagia korido hana nafasi ya kumrudishia mhasibu mkuu. Ukiona utani unaenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwenye cheo kwenda kwa asiye nacho, uite kwa jina lake. Kama wewe ni mgeni hapa na unataka kuonyesha heshima, jifunze salamu ya Kigogo, *mbukwenyi*. Haigharimu kitu.

Unyanyasaji wa kingono hauingii kwenye mjadala wa sentensi. Sheria inauhesabu kuwa ubaguzi kazini, na ushauri wangu ni kwamba ofisi yako iwe na watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke, na wasiwe wote chini ya mtu mmoja.

Dalili kwamba umefaulu: ndani ya wiki mbili mtu mdogo anamkumbusha mkubwa sentensi fulani, na mkubwa anasema "kweli, samahani". Mkubwa huyo anapaswa kuwa wewe. Ikibidi, chelewa kikao kimoja kwa makusudi uone kama wataanza.

## Hatua ya 5: Kikao kifupi cha Jumatatu (kuanzia siku ya 46)

Dakika ishirini, wamesimama. Kila mtu anajibu: wiki hii nafanya nini, nimekwama wapi, nani anisaidie. Anaanza mdogo kwa cheo, anamalizia bosi. Ukianza wewe, watakachosema wengine ni kivuli cha ulichosema.

Kikizidi dakika ishirini, kikatishe katikati ya sentensi, hata kama sentensi ni yako.

## Hatua ya 6: Siku kosa linapotokea

Hatua hii haina tarehe, kosa litaipanga. Ndiyo inayoamua kama tano zilizotangulia zilikuwa za kweli.

Nitaeleza lililonikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa nashika hesabu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, jina lake halina haja hapa. Msimu wa mavuno wakulima walileta magunia kutoka Kongwa na Mpwapwa. Kijana wa mizani aligundua mapema kwamba mizani inapunja, kilo kadhaa kwa kila gunia. Alinyamaza wiki tatu. Mkulima mmoja alipopima mzigo wake kwingine, habari ikafika minadani kabla haijatufikia sisi. Msimu uliofuata tulikamua nusu ya siku, mashine zimelala, hata mashudu ya kuwauzia wafugaji hatukuwa nayo ya kutosha.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakusema. Akanijibu kwa utulivu kabisa: mwezi wa nyuma mwenzake aliripoti pipa linalovuja, akakatwa mshahara kwa kulipasua. Ile hati ya makato niliiandika mimi.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

Kwanza, mshukuru aliyesema. Kabla ya swali lolote. "Ahsante kwa kuniambia mapema" inatosha. Hata kama umekasirika, sema, kisha katembee kidogo.

Pili, uliza nini kabla ya nani. Nini kilitokea? Kabla yake kulikuwa na nini? Ni nini kilichofanya iwe rahisi kukosea? Mhudumu aliyemwaga trei amebeba trei mbili kwa sababu zamu ina mtu mmoja. Ukianza na "nani", utapata jina na utapoteza sababu.

Tatu, tenganisha aina za makosa. Kuna kuteleza, ambako kunampata mtu yeyote makini: rekebisha utaratibu. Kuna kutojua: fundisha. Kuna uzembe wa kurudia baada ya kufundishwa: hapo nidhamu inaingia, onyo la mdomo, kisha la maandishi. Kuna wizi, vurugu na udhalilishaji: havina mazungumzo ya chini ya mwarobaini, ila navyo vina utaratibu wake. Sheria inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Mpe tuhuma kwa maandishi, mpe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na aje na mwenzake au mwakilishi wa chama. Kumfukuza mtu kwa simu usiku kunakupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pia kunawafundisha waliobaki kwamba hapa mtu hutoweka.

Nne, acha kukata mishahara kwa sahani zilizovunjika. Sheria inaweka masharti magumu: makubaliano ya maandishi, kosa liwe lake kweli, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wengi wanaokata hawajatimiza hata sharti moja. Hata ukiyatimiza yote, piga hesabu: sahani ni shilingi elfu chache, kufichwa kwa kosa linalofuata kunaweza kuwa msimu mzima.

Hili si langu peke yangu. Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza timu za wauguzi hospitalini akitarajia kwamba timu bora zingekuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Alipofuatilia akaona sababu: hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Wazo la makala yake ya mwaka 1999 kuhusu usalama wa kusema ndani ya timu lilitoka huko. Zahanati za Dodoma, karakana za Chang'ombe, jikoni za hoteli zetu, zote zina kitu hicho hicho: kosa lililosemwa saa mbili asubuhi ni dogo kuliko lile lile likigunduliwa na mteja saa kumi.

Tano, eleza mbele ya wote mlichorekebisha, bila kumtaja aliyekosea. Na mara moja moja simulia kosa lako mwenyewe. La kweli, lenye hasara. Bosi anayesimulia kosa la "kufanya kazi kupita kiasi" anajipaka mafuta.

Dalili kwamba umefaulu: mtu anakuletea habari mbaya akitembea kawaida, bila kutuma mtu amtangulie kupima hali ya hewa.

## Hatua ya 7: Majungu

Majungu yanahitaji mpishi, kuni na mlaji. Mlaji mkuu ni bosi. Kila ofisi niliyoikuta imeoza kwa fitina, nilikuta mtu mmoja anayeingia kwa bosi saa mbili asubuhi na kufunga mlango.

Utaratibu ni mmoja. Mtu akija na "bosi, mimi sipendi kusema watu, lakini...", mwache amalize sentensi moja, kisha uliza: "Umemwambia mwenyewe?" Kama hapana: "Basi twende tukamwite, tuzungumze watatu." Asilimia kubwa watakumbuka wana kazi ya haraka. Wenye jambo la kweli watakubali.

Usiutumie utaratibu huu kwa tuhuma za wizi, udhalilishaji au hatari ya usalama. Hayo yanapokelewa faragha na anayesema analindwa. Ukimlazimisha binti akae meza moja na mtu anayemsumbua ili "mzungumze watatu", umemsaidia msumbuaji.

Halafu kuna chawa, yule anayesifu kila kitu chako mpaka tai. Usimgombeze. Acha tu kumlipa: asipate safari, zamu nzuri wala habari kabla ya wengine. Atabadilika au atahamia kwa bosi mwingine.

Kundi la WhatsApp la ofisi nalo lina jungu lake. Tenganisheni mawili, moja la kazi tupu na moja la misiba, harusi na salamu. Michango iwe na kiwango mlichokubaliana na asitajwe hadharani ambaye hajatoa. Nimeona watu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya orodha ya rambirambi iliyobandikwa na majina ya waliochanga na wasiochanga.

Dalili kwamba umefaulu: asubuhi zako zinakuwa na upweke kidogo.

## Hatua ya 8: Sifa na zawadi

Sifia kitu mahususi, siku hiyo hiyo. "Umemtuliza yule mteja wa Singida vizuri, hukupandisha sauti" inakaa moyoni. "Hongereni kwa kazi" haikai.

Kuhusu mfanyakazi bora wa Mei Mosi: kama mnamchagua kwa zamu ili kila mtu apate, kila mtu anajua, na cheti kimekuwa karatasi. Kama bosi anamchagua peke yake, umetengeneza adui kumi. Afadhali wafanyakazi wenyewe wapendekeze, kwa sababu iliyoandikwa, na sababu hiyo isomwe kwa sauti.

## Hatua ya 9: Hesabu (siku ya 90)

Usipime kwa kuuliza kama watu wana furaha. Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari, ambapo ulipaswa kuandika siku ya kwanza mambo manne kwa mwezi uliopita: makosa yaliyoripotiwa na waliokosea wenyewe, siku za kutofika kazini bila taarifa, walioacha kazi, na malalamiko ya wateja. Kama hukuandika, yatafute sasa kwenye mafaili, halafu linganisha.

La kwanza linatakiwa kupanda. Usishtuke, na usimruhusu mwenye hisa au mkuu wako alitumie kama fimbo. Mweleze mapema maana yake. La pili na la nne hushuka polepole. La tatu linaweza kupanda kidogo mwanzoni, kwa sababu waliokuwa wakiishi kwa majungu huwa wa kwanza kutafuta kazi kwingine. Tazama nani anaondoka, si wangapi.

Kama yote manne yamesimama pale pale, tatizo mara nyingi liko Hatua ya 1 au ya 6: kuna deni linalofichwa, au kuna mtu aliyeadhibiwa kwa kusema na wewe hukujua. Mtume tena yule mtu wa nje, safari hii amuulize kila mmoja swali la pili tu.

Siku ya 91 rudia Hatua ya 2 kuanzia mwanzo. Beba daftari lile lile, na uanze na yule ambaye mara ya kwanza alikwambia hana shida.